Lugha Moja kwa Skana Zote: Namna Kiolesura Sanifu Kinavyoandikwa

Msomaji aliyepata kufika sokoni Hanga, au mjini Songea, amekwisha kuona jambo ambalo ndilo msingi wa somo letu la leo. Mngoni, Mmatengo, Myao na Mndendeule hukutana penye fungu moja la mahindi wakapatana bei bila taabu. Muuzaji halazimiki kujifunza Kimatengo, wala mnunuzi Kingoni. Kila mmoja amejifunza lugha moja ya pamoja, nayo ni Kiswahili, na hiyo yamtosha kuzungumza na wote.

Tuangalie faida yake kwa hesabu. Kama watu wa lugha 5 wangetaka kuelewana kwa lugha zao wenyewe, ingebidi pawe na njia 10 za kutafsiri, moja kwa kila jozi. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120. Kwa lugha 120 jozi ni 120 mara 119, gawanya kwa 2, yaani 7,140. Lakini ikiwapo lugha moja ya pamoja, kila kundi lahitaji njia moja tu.

Katika makala hii tutaeleza namna fikra hiyohiyo ilivyotumiwa katika mashine za kusomea picha, ziitwazo skana, ambazo wengine huziita midaki. Tutatazama waraka mmoja ulioandikwa ili programu yoyote ya kompyuta iweze kusema na skana yoyote. Kisha tutajiuliza swali linalomhusu kila mwalimu na mwanafunzi: waraka wa namna hiyo huandikwaje, na kwa nini kuuandika vizuri ni jambo la maana?

Skana hufanya kazi gani?

Skana ya mezani ina kioo, taa, na mstari wa vihisio vya mwanga. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya kioo. Taa hutembea chini yake, ikiangaza ukanda mwembamba mmoja baada ya mwingine. Mahali palipo peupe hurudisha mwanga mwingi, na penye wino hurudisha kidogo. Vihisio hugeuza mwanga huo kuwa umeme, na umeme huo hupimwa na kugeuzwa kuwa namba. Kila namba huwakilisha nukta moja ya picha, iitwayo pikseli.

Kazi hii si ngeni sana. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitumia skana waliyoiunda kuingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga. Picha hiyo ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani pikseli 30,976 tu.

Tulinganishe na karatasi ya siku hizi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Inchi moja ni milimita 25.4. Tukiisoma kwa nukta 300 katika kila inchi, tutapata pikseli 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, jumla pikseli 8,699,840. Ikiwa kila pikseli ni kivuli cha kijivu kinachochukua baiti moja, picha nzima ni baiti milioni 8.7 hivi. Ikiwa ni ya rangi, kila pikseli huhitaji baiti tatu, moja kwa nyekundu, moja kwa kijani na moja kwa buluu. Basi jumla ni baiti 26,099,520. Ikiwa ni nyeusi na nyeupe tupu, biti moja yatosha kwa kila pikseli, na picha hushuka hadi baiti 1,087,480. Tena, tukizidisha maradufu idadi ya nukta kwa inchi, ukubwa wa picha huongezeka mara nne, kwa kuwa upana na urefu vyote viwili vimeongezeka.

Kwa hiyo yeyote atakaye kuitumia skana hana budi kuiambia mambo kadhaa: nukta ngapi kwa inchi, rangi au kijivu, na sehemu gani ya kioo isomwe. Hapa ndipo matatizo yanapoanza.

Tatizo: kila mtengenezaji na lugha yake

Kila mtengenezaji wa skana huipa mashine yake amri za namna yake. Skana moja huagizwa kwa mfululizo fulani wa baiti. Nyingine, yenye umbo lilelile, huagizwa kwa mfululizo mwingine kabisa. Kama kuna programu 10 zinazohitaji picha, na aina 20 za skana, na kila programu yapaswa kuijua kila skana, zitahitajika kazi 200 za kuunganisha. Pakiwapo kiolesura kimoja cha katikati, kazi hubaki 30 tu: kila programu hujifunza kiolesura mara moja, na kila skana huandikiwa kiendeshi kimoja.

Lakini hasara kubwa haimo katika hesabu hiyo. Tufikirie hali ambayo walimu wengi wameiona. Shule iliyoko Hanga yapewa skana na wafadhili. Taa yawaka, mota yazunguka, kioo hakina mkwaruzo. Ila sahani ya programu iliyokuja nayo iliandikwa kwa ajili ya kompyuta za zamani, na mtengenezaji haandiki tena kiendeshi cha mashine hiyo. Skana yapelekwa stoo, yafunikwa vumbi. Haikuharibika, imekosa tu wa kuielewa lugha yake. Wakati huohuo rejesta za shule zaliwa na mchwa, na barua za wazee zafifia wino mwaka hadi mwaka.

Songea ni mji wenye kumbukumbu nzito. Hapa ndipo mashujaa wa Vita vya Majimaji waliponyongwa tarehe 27 Februari 1906, na hapa ndipo lilipo Jumba la Makumbusho la Majimaji. Hati nyingi za utawala wa Wajerumani zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Lakini barua, vyeti na daftari zilizomo masandukuni mwa watu vijijini hazina mlinzi ila wenyewe. Skana inayofanya kazi yaweza kuokoa maandishi yasiyo na nakala ya pili. Hivyo swali la kiolesura si la wahandisi peke yao.

Waraka wa SANE

Mwaka 1992 kikundi cha kampuni kilitoa kiwango kiitwacho TWAIN, ambacho kilienea katika kompyuta za Windows na Macintosh. Katika mpango huo kiendeshi cha skana huja na dirisha lake chenyewe, lenye vitufe vyote vya kuchagulia. Jambo hilo lina urahisi wake, lakini lina mpaka pia: kiendeshi na dirisha vimefungamana, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuitumia skana iliyounganishwa na kompyuta nyingine, au kuitumia kwa amri za maandishi bila dirisha lolote.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, David Mosberger-Tang na Andreas Beck waliandika kiwango kingine, SANE. Jina hilo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba kuifikia skana sasa ni rahisi; na neno lenyewe, likisomwa kama lilivyo, lamaanisha mwenye akili timamu. Kiolesura chake kiliachwa huru kwa umma, ili mtu yeyote akitumie bila kuomba ruhusa wala kulipa ada.

SANE hugawa kazi pande mbili. Upande wa nyuma ni kiendeshi kinachoijua skana fulani. Upande wa mbele ni programu anayoiona mtumiaji. Kiendeshi hakichori dirisha lolote. Huorodhesha tu machaguo yake: jina la kila chaguo, aina yake, kipimo chake, na thamani zinazokubalika. Programu ya mbele ndiyo huamua namna ya kuyaonyesha, kwa dirisha au kwa maandishi. Kwa sababu hiyo programu ndogo iitwayo saned yaweza kukaa katika kompyuta yenye skana, ofisini kwa mkuu wa shule, na kuihudumia kompyuta iliyoko darasani kwa njia ya mtandao.

Amri zenyewe na mpangilio wake

Waraka wa SANE hutaja amri chache tu. Tuzifuate kwa utaratibu wake.

Kwanza, sane_init hufungua mazungumzo, nayo hurudisha namba ya toleo, ili pande zote mbili zijue kama zafuata kiwango kimoja.

Pili, sane_get_devices huuliza skana zilizopo. Kila skana hutajwa kwa mambo manne: jina, mtengenezaji, muundo na aina.

Tatu, sane_open huifungua skana moja na kutoa kishikizo, yaani alama ya kuitambulisha skana hiyo katika amri zote zifuatazo.

Nne, sane_get_option_descriptor hueleza chaguo mojamoja, na sane_control_option husoma au kubadili thamani yake. Chaguo namba 0 lina kazi maalumu: hutoa idadi ya machaguo yote, hata programu isiyojua lolote kuhusu skana ile iweze kuanza kuhesabu.

Tano, sane_start huanzisha usomaji.

Sita, sane_get_parameters hutoa vipimo vya picha: pikseli ngapi kwa mstari, mistari mingapi, baiti ngapi.

Saba, sane_read huleta data. Amri hii hurudiwa mara nyingi mpaka ijibu kwamba picha imekwisha.

Mwisho, sane_cancel husimamisha kazi, sane_close huifunga skana, na sane_exit hufunga mazungumzo yote.

Kila amri inayoweza kushindwa hurudisha jibu la hali. Kuna jibu la mambo yako sawa, jibu la skana inatumika na mwingine, jibu la karatasi imekwama, jibu la hakuna karatasi, jibu la kifuniko kiko wazi, na mengineyo. Programu haiachwi kubahatisha kilichotokea.

Waraka huonyesha ubora wake penye mambo madogo

Mtu aweza kudhani kuwa kuorodhesha amri hizo kumemaliza kazi. Sivyo. Orodha ya majina ni mifupa mitupu. Tuangalie mifano minne ya yale ambayo waraka wa SANE hauachi kuyasema.

Mfano wa kwanza ni wa ukweli wa jibu. Mwanafunzi ameagiza nukta 310 kwa inchi, lakini skana inaweza 75, 150, 300 na 600 tu. Kiendeshi chafaa kifanye nini? Waraka hukiruhusu kuchagua thamani iliyo karibu, tuseme 300, lakini hukilazimisha kuinua alama maalumu isemayo kwamba thamani iliyowekwa siyo ile hasa iliyoombwa. Chaweza kurekebisha, lakini hakiruhusiwi kurekebisha kimyakimya. Kadhalika, ikiwa kubadili chaguo moja kumebadili mengine, kiendeshi sharti kiiambie programu iyasome upya.

Mfano wa pili ni wa jambo lisilojulikana. Kuna skana za mkononi, ambazo mtu huziburuta juu ya karatasi. Mashine haiwezi kujua mapema mkono utasimama wapi. Waraka umeliona hilo: idadi ya mistari isipojulikana, iandikwe −1. Tena umeeleza kwamba vipimo vinavyotolewa kabla ya sane_start ni makadirio, na vinavyotolewa baada yake ni vya hakika.

Mfano wa tatu ni wa namba zenye desimali. Urefu kwa milimita huhitaji sehemu ya desimali, lakini kompyuta za namna mbalimbali huweza kuzihifadhi desimali kwa njia zisizolingana. SANE hutumia namba kamili ya biti 32, ambamo biti 16 za mwisho ni za sehemu ya desimali. Kwa maneno mengine, thamani huzidishwa kwa 65,536. Milimita 210.5 huandikwa 13,795,328. Mwanafunzi na azidishe mwenyewe ahakikishe.

Mfano wa nne ni wa majina. Kila chaguo lina jina na lina kichwa. Jina ni la mashine, kama vile resolution au tl-x, na halibadiliki kamwe. Kichwa na maelezo ni vya binadamu, na programu ya mbele yaweza kuvitafsiri. Utengano huu una maana kubwa kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo huwezekana pale tu mwandishi wa programu alipotenga maneno ya binadamu na maneno ya mashine. Vikichanganywa, mfasiri akigusa neno moja huvunja programu nzima.

Kanuni za kuandika waraka wa kiwango

Kutokana na mifano hiyo twaweza kutoa kanuni tano, zinazofaa kwa kiolesura cha skana na kwa mapatano mengine mengi.

1. Sema nini kitangulie. Kila amri ielezwe pamoja na mpangilio wake. Mtu hawezi kusoma data kabla ya kuanzisha usomaji.

2. Sema jibu litakuwa nini, katika mafanikio na katika kushindwa. Waraka unaoeleza siku njema peke yake ni nusu ya waraka.

3. Sema nani mwenye mali. SANE husema wazi kwamba orodha ya skana iliyotolewa na kiendeshi hubaki halali mpaka orodha itakapoombwa tena au mazungumzo yafungwe. Asiyejua mpaka huo atatumia kumbukumbu ya kompyuta ambayo imekwisha kuondolewa.

4. Taja vipimo. Namba 100 peke yake haina maana. Ni milimita, ni pikseli, au ni asilimia?

5. Tenga waraka na utekelezaji. Programu hubadilika kila mwaka. Mapatano hayafai kubadilika ovyo. Msomaji aweze kuandika kiendeshi kipya kwa kuusoma waraka tu, bila kumwuliza aliyeutunga.

Kanuni ya tano ndiyo yenye uzito kupita zote. Mtungaji aweza kuhama, kuzeeka au kufariki. Kampuni yaweza kufunga milango. Yaliyokuwa kichwani mwake yatakwenda naye. Yaliyoandikwa vizuri yatabaki, na mwanafunzi wa Hanga aweza kuyashika na kuyaendeleza.

Mipaka yake

Haitakuwa haki kusema kwamba kiwango hiki kimeondoa matatizo yote. Kiolesura hueleza namna programu inavyosema na kiendeshi. Hakimlazimishi mtengenezaji kueleza namna kiendeshi kinavyosema na mashine yake. Mtengenezaji akificha lugha hiyo, wanaojitolea hulazimika kuchunguza baiti zinazopita katika waya, kama mtu ajifunzaye lugha kwa kusikiliza mlangoni. Baadhi ya skana hazijapata kiendeshi kwa sababu hiyo. Ndiyo maana mradi wa SANE huweka orodha ya skana na kiasi zinavyofanya kazi, na shule yafaa kuitazama orodha hiyo kabla ya kununua skana au kupokea ya msaada.

Hata hivyo kuna nafuu. Skana nyingi mpya za mtandao zaelewa itifaki ya pamoja iitwayo eSCL, na kiendeshi kimoja, sane-airscan, chaweza kuzitumikia skana za watengenezaji wengi. Hapo lugha ya pamoja imefika mpaka ndani ya mashine yenyewe.

Jaribio bila skana

Shule isiyo na skana isikate tamaa. SANE ina kiendeshi cha majaribio kiitwacho test, kinachojifanya skana. Katika kompyuta yenye Linux iliyowekewa SANE, mwanafunzi aandike:

scanimage -L

Amri hii huorodhesha skana zilizopo. Kisha aandike:

scanimage -d test --help

Ataona machaguo yote ya skana ya kuigiza, pamoja na aina na mipaka yake. Mwisho aandike:

scanimage -d test > picha.pnm

Faili ya picha itatokea, ingawa hakuna karatasi wala kioo. Mwalimu na awaulize wanafunzi: programu imejuaje machaguo hayo, nayo haijapata kuiona skana hiyo? Jibu limo katika chaguo namba 0.

Maswali

1. Kuna programu 6 na aina 15 za skana. Zitahitajika kazi ngapi za kuunganisha bila kiolesura cha pamoja, na ngapi kikiwapo? (Majibu: 90, 21.)

2. Cheti chenye upana wa milimita 100 na urefu wa milimita 150 kimesomwa kwa nukta 200 kwa inchi, kwa kijivu cha baiti moja. Picha ina baiti ngapi? (Jibu: pikseli 787 kwa 1,181, yaani baiti 929,447.)

3. Kwa nini ni kosa kiendeshi kuweka nukta 300 mahali pa 310 bila kusema? Toa mfano wa kosa kama hilo katika vipimo vya maabara.

4. Andikeni kwa makundi waraka wa ukurasa mmoja wa kuazima vitabu katika maktaba ya shule yenu. Tajeni amri, mpangilio, majibu ya mafanikio na ya kushindwa, na mwenye dhamana ya kitabu kwa kila hatua. Kisha kundi jingine liutekeleze waraka huo bila kuwauliza neno walioutunga. Kila mahali watakapokwama, hapo ndipo waraka ulipopungukiwa.